Mistari Miwili ya Mtama

Kama umeambiwa ulale chali na wewe ni mtu wa kwenda, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sijui mambo ya dawa zaidi ya kuzimeza. Kidato cha nne nilitoka na alama ambazo mama alizikunja akaziweka chini ya godoro, na hatukuzizungumza tena. Lakini kulala chali nakujua vizuri. Sasa ninatembea, ninabeba maji nusu ndoo, na katikati ya mgongo nina kinundu kama ngumi ya mtoto ambacho nimeambiwa nikizoee. Nimekizoea. Kinanisumbua tu nikivaa gauni la Jumapili.

Naitwa Paskalina. Kwetu ni kando ya lami, kati ya Karatu na Rhotia, na ukikaa mlangoni asubuhi unauona msitu wa ukingo wa Ngorongoro umejifunika mawingu. Nyuma ya mawingu yale ndipo ilipo kreta. Kabla sijaugua nilifanya kazi kwenye yadi ya magari ya safari pale mjini. Nilikuwa naosha magari, nafuta viti, napanga maji na maboksi ya chakula cha wageni. Nilikuwa msichana peke yangu, na madereva waliniita Fundi Sabuni. Mimi nilikuwa najiona dereva tayari. Gari likiwa limesimama nakaa kwenye usukani na matambara yangu, nawaonyesha wageni wasiokuwepo simba wasiokuwepo.

Dereva mmoja wa Rombo, kaka Deo, ana maneno mengi kuliko redio ya gari lake. Ndiye aliyenipa kamera yake ya zamani aliponunua nyingine. Lenzi yake ndefu ina mkwaruzo pembeni, lakini ukijua kuukwepa hauonekani. Nafasi ikipatikana alinipakia nikaingia naye kreta. Nilipiga nyati, nilipiga viboko, nilipiga korongo taji wakicheza dansi yao kwenye tope. Kitu kimoja tu sijawahi kukipiga, faru. Kila nikiingia mimi, yeye amelala kwenye majani marefu, linaonekana sikio tu. Kwenye redio madereva hawasemi faru wala simba, wageni wasije wakaanza kusimama kwenye viti kabla hamjafika. Simba ni Sharubu, chui ni Madoa, na faru ni Mzee Pembe. Basi nikawa naota Mzee Pembe mchana kweupe, na sabuni mkononi.

Maumivu yalianza kiangazi, vumbi jekundu likiwa limepanda mpaka juu ya paa. Mgongo, katikati. Hapa naomba unielewe, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza miezi minne. Karatu kila mtu wa magari anaumwa mgongo. Madereva wanauzungumzia mgongo kama wakulima wanavyozungumzia mvua. Wanatoka Serengeti wakishuka kwenye gari kama wazee, wanajinyoosha, wanataniana. Kwa hiyo nilipomwambia Deo mgongo unaniuma, alinipa mkono.

"Hongera mdogo wangu. Sasa umekuwa dereva. Bado leseni tu."

Na mimi nikafurahi. Nasema ukweli, nilirudi nyumbani ninajivunia mgongo wangu. Mama alinichua na mafuta ya kondoo ya moto, akanifunga kitenge kwa nguvu. Nilimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Nilipoanza kuloa jasho kitandani nikasema ni joto. Sketi ilipoanza kunidondoka nikasema ni kazi. Siku moja, vuli imeanza, niliinama kuosha tairi la nyuma na sikuinuka. Miguu ilikuwepo, naiona, ila ilikuwa kama ya jirani.

Hospitali tulikaa kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Mtu wa mwisho akiinuka, wote mnainama upande mmoja, na kila akiinuka mtu mimi nauma meno. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kimaasai aliyeshuka kutoka Ngorongoro. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kimaa changu hakipo kabisa. Aliniangalia mara tatu, akavua shuka lake la juu, akalikunja, akaliingiza nyuma ya kiuno changu. Alipoitwa akaingia, akatoka, akapita mbele yangu. Nikaanza kulivuta nimrudishie.

"Kaa nalo," akasema, akaenda zake.

Sikupata hata jina lake. Shuka ninalo mpaka leo, na nitalitaja tena.

Baada ya picha za Karatu na picha nyingine za Moshi, daktari alituweka chini mimi na mama. Akasema ni TB ya mgongo.

"TB si ya kifua?" nikauliza.

"Na ya mgongo ipo. Dawa utameza mwaka mzima. Usiiname, usibebe kitu, na usipande gari kwenye barabara mbovu. Lami tu, tena polepole."

"Na kreta?"

"Kreta ina lami?"

"Hapana."

"Umeshajijibu."

Miezi miwili ya kwanza vidonge vilikuwa vingi na vikubwa, asubuhi na mapema, tumbo tupu. Mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa. Nilimwambia mama ni vumbi la Karatu linatoka, akacheka mpaka akakaa chini, halafu nikaona kumbe analia. Nilivaa mkanda mgumu kuanzia kwapani hadi nyongani, nikawa kama mtu aliyeingia kwenye ndoo. Majirani walinisalimia wakiwa barabarani. Mama alinitengea kikombe na sahani, mpaka nesi alipomwambia TB yangu imejifungia mgongoni, haimfuati mtu. Siku ile ile mama alikunywa chai kwenye kikombe changu, mbele yangu, taratibu, hadi tone la mwisho. Nawe ukiuguliwa, fanya hivyo.

Baba ni mtu wa maneno machache kwa Kiswahili na machache zaidi kwa Kiiraqw. Hakuwa akijua aniguse vipi, binti mzima. Alichofanya ni kusogeza kitanda changu kwenye dirisha linalotazama shamba, kisha akakata mti wenye panda akauchimbia pale pale karibu na kitanda, kamera ikae juu yake nisiibebe. Alipima urefu mara mbili akiwa amefumba jicho moja. Halafu akarudi shambani kufukuza ndege.

Hapo ndipo tulipogombana. Baba analima mtama, na mtama ukishika, yeye na ndege wanaingia vitani. Anafunga kamba za makopo, anarusha mawe kwa kombeo, anapiga ukelele mmoja mrefu unaosikika mpaka kwenye lami. Na mimi nimelala pale, simba sina, tembo sina, nina ndege tu.

"Baba, huyo mwache kidogo."

"Nimwache ale?"

"Nimpige picha."

"Wakimaliza mtama wangu, tutakula picha?"

Nikahamia kwenye mshubiri uliopo kando ya dirisha, ambako hakuna cha kuliwa na mtu. Pale anakuja chozi, ndege mdogo kama kidole gumba, shingo inang'aa kijani, mdomo umejipinda kama sindano ya kushonea magunia. Hakai. Anagusa ua, ameondoka. Siku tatu nzima nilipata picha za ua linalotikisika. Siku ya nne niligundua kwamba ninabana pumzi nikimsubiri, na nikiiachia polepole mkono unatulia, na mkono ukitulia mgongo nao unanyamaza kidogo. Si kupona. Ni kama mtoto aliyeacha kulia kwa sababu ameona kitu. Nikawa nafanya hivyo kila asubuhi baada ya vidonge, kichefuchefu kikija namtafuta chozi. Nilijua anakuja kabla jua halijafika kwenye kona ya choo, na tena likishapita. Nilimjua na mke wake, ambaye ni wa kijivu na ndiye mkali. Walikuja kuzumburu wenye mikia mirefu, wakaning'inia kwenye ua wa jirani kama nguo zilizosahaulika. Sikuwahi kujua kwamba kwetu kuna ndege wengi namna ile. Nilikuwa naangalia mlimani tu.

Jioni Deo alinipigia simu akiwa anapandisha kutoka kreta.

"Sharubu wawili leo, kwenye msitu wa Lerai. Wamelala kama wamelipwa."

"Na Mzee Pembe?"

"Mzee Pembe anakuulizia. Anasema yule binti wa sabuni yuko wapi."

Najua ni utani. Lakini nikikata simu nilikuwa nageuza uso ukutani. Hamu ya mahali haina dawa, ndugu yangu. Mtu unaweza kumpigia simu aje. Mahali hapaji. Kupitia dirishani nilikuwa nauona ukingo ule, karibu kabisa, na ilikuwa kama kuona mwanga wa nyumba ya sherehe usiyoalikwa.

Mwezi wa tano nilifanya kosa langu. Masika yalikuwa yamepungua, nilikuwa nimeanza kutembea na mkanda mpaka barabarani, vidonge vimekuwa viwili viwili, nimenenepa mashavu. Deo akapita na gari tupu. Mwenzake alikuwa amepasukiwa na tairi la pili ndani ya kreta, anampelekea jingine. Baba na mama walikuwa shamba la mbali.

"Nipeleke," nikamwambia.

"Daktari je?"

"Ameruhusu. Wiki iliyopita."

Nilisema hivyo bila kumeza mate. Deo ni mtu anayeamini watu. Aliniwekea godoro dogo kwenye kiti cha mbele na akaendesha kama amebeba mayai. Mpaka getini kulikuwa na lami, sikusikia kitu. Kupanda ukingo nikauma meno. Tuliposhuka ukuta wa kreta nilikuwa nimeshika chuma kwa mikono miwili na ninacheka, kwa sababu bonde lote lilikuwa kijani, na pundamilia walikuwa wamejipanga kando ya barabara kama wanaosubiri kusalimiwa. Tulimpa yule mwenzake tairi. Hapo redio ikaita: Mzee Pembe, Lerai, yuko wazi kabisa, anakula.

"Una bahati wewe," Deo akasema, akageuza gari. Kisha akatazama chini ya kiti changu. "Kiatu chako kimekwenda wapi?"

Nikaangalia. Mguu wa kulia ulikuwa peku. Kiatu kilikuwa kimechomoka nikiwa sijui, labda tangu juu. Nikajaribu kuvichezesha vidole. Vikanitazama tu.

"Twende kwa faru kwanza," nikasema.

"Paskalina."

"Ni dakika kumi, kaka. Twende kwanza."

Aligeuza gari tena, kuelekea barabara ya kupandia, na redioni wenzake wakiendelea kuulizana nani yuko karibu na Mzee Pembe. Nililia mpaka getini. Sikuililia miguu, naomba unisamehe. Nilimlilia faru.

Baada ya hapo nililazwa, kisha nikarudishwa kitandani nyumbani, wiki nane, bila kukaa. Deo alipokuja kuniona baba alimsimamisha mlangoni.

"Gari lako lisiegeshwe hapa tena."

"Mzee, mimi nili..."

"Hapa tena."

Deo aliniangalia kwa juu ya bega la baba. Angeweza kusema nilimdanganya. Alisema tu, "Pona, Fundi Sabuni," akaondoka. Na mimi nikanyamaza. Ugonjwa ulinipa maumivu mengi, lakini lile la kunyamaza nililitengeneza mwenyewe, na halikuwa na kidonge. Jioni simu haikulia tena. Chozi alikuja kwa saa zake, nikashindwa kumpiga. Mkono haukutulia.

Kipupwe kikafika, ukungu ukashuka mpaka mlangoni, ukingo ukapotea kabisa. Siku moja baba aliingia kuniwekea jiko la mkaa karibu na mlango. Alikuwa anapuliza moto, amenipa mgongo. Nikaona nikisubiri ageuke sitasema.

"Baba, Deo hakukosa. Nilimwambia daktari ameruhusu."

Akaendelea kupuliza.

"Nilimdanganya. Nilikuwa nataka kumwona faru."

"Faru," akasema.

"Ndiyo."

"Umekosa mguu kwa ajili ya faru."

"Mguu unarudi, baba. Vidole viwili vimeanza."

Akasimama, akapangusa majivu kwenye suruali, akatoka. Nilidhani amekwenda kukasirikia nje, ndiyo desturi yake.

Wiki ile walivuna. Nililala nikisikia mtama ukikatwa, mama na wanawake wa jirani wakiimba wimbo wao wa kazi, makopo yakifunguliwa kwenye kamba. Shamba likavunwa mpaka likabaki mabua. Asubuhi yake nilipofungua jicho kulikuwa na kelele dirishani kama soko. Baba alikuwa ameacha mistari miwili. Ile ya karibu kabisa na dirisha langu, masuke yamejaa, hayajaguswa. Na juu yake kila aina ya ndege wa Karatu: mnana wa njano, kwelea wenye midomo myekundu, mpaka chiriku. Wanapigana, wanabembea, wanamwaga punje.

Mama aliingia na uji, akasimama akitazama.

"Majirani wanauliza kama baba yako ameugua na yeye," akasema.

Nilipiga picha mia mbili siku ile. Baba alipita nje na jembe, ndege wakaruka, akasimama. Akasubiri wakarudi. Halafu akapita mbali, akizunguka nyuma ya zizi. Kombeo lilikuwa shingoni mwake na hakuligusa. Siku iliyofuata aliazima simu ya jirani, akampigia Deo mwenyewe. Sikusikia alichosema. Niliambiwa yalikuwa maneno sita.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuja na vuli nyingine. Nilimeza kidonge cha mwisho nikiwa nimesimama, mama ameshika kikombe, wote tukiwa hatujui tufanye nini baada ya hapo. Daktari alipiga picha, akanifurahia. Ukingoni naweza kupanda, akasema, gari likienda taratibu. Kushuka kreta, hapana. Nisubiri miezi sita mingine, mfupa ukomae.

Mwanzoni mwa mwaka Deo akaja na habari. Gari lake lilikuwa linaingia kreta bila wageni, kuwafundisha madereva wawili wapya. Kuna nafasi. Tulipanda wote, mimi, mama na baba. Deo alikuwa anatangaza kila shimo kabla hatujalifikia, "shimo kulia, jishikilieni," mpaka mama akamwambia apunguze, ni kama yuko kanisani. Baba alikaa mbele, kofia magotini. Ana miaka hamsini na zaidi, amezaliwa hapa, na alikuwa hajawahi kuiona kreta. Wengi wetu hatujawahi. Tunaona magari yanapita.

Pale pa kutazamia gari likasimama. Ukungu ulikuwa umeinuka. Chini, bonde lote, ziwa linameta, nyumbu kama pilipili manga iliyomwagwa. Kulikuwa na baridi, nikajifunika shuka la yule mama. Redio ikaita kutoka ndani ya gari, na wote tukasikia. Mzee Pembe, Lerai, yuko wazi, na mtoto.

Deo hakunitazama. Mama alinitazama sana. Mlango wa gari ulikuwa wazi, na kiti kilikuwepo. Nitakwambia ukweli: mwili wangu wote ulikwishaingia garini isipokuwa miguu, na miguu nilikuwa nimeikanyagia chini makusudi, viatu nimevifunga kamba mara mbili.

Nikamvalisha baba kamera shingoni.

"Hapa unaangalia, hapa unabonyeza. Usipumue."

"Mimi?"

"Nenda ukanipigie faru, baba."

Akaenda. Mimi na mama tulikaa kwenye ukuta wa mawe, tukanywa chai ya chupa, tukalifuata gari kwa macho mpaka likawa kama mende, kisha likawa si kitu. Tulisubiri kwa saa tano nzima. Mama alisinzia begani kwangu. Kwenye nyasi alikuja ndege mdogo wa kahawia, nikabana pumzi bila kamera, kwa mazoea.

Gari lilirudi limejaa vumbi. Baba akashuka kama dereva, amejishika kiuno. Akaivua kamera shingoni kwake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaanza kutazama. Sikio la Deo. Kiatu cha baba. Mgongo wa nyumbu. Kisha ndege. Ndege kwenye jiwe, ndege kwenye kinyesi cha tembo, ndege watatu kwenye kitu kama waya ambacho nadhani ni unyasi. Karibu arobaini, wengi wako nusu, wachache wametulia kabisa.

"Wa kule ni wembamba," baba akasema. "Hawana mtama."

Nikapeleka mbele mpaka mwisho, nikarudisha nyuma.

"Na faru? Hamkumpata?"

Deo aliegemea mlango. "Tumempata. Alikuwa kama kutoka hapa hadi kwenye choo kile, na mtoto wake pembeni. Nikamwambia mzee, bonyeza. Akaiweka kamera mapajani."

Nikamgeukia baba. Alikuwa anatazama bonde, kofia mkononi, upepo ukipeperusha zile nywele zake chache.

"Nimemwona vizuri," akasema. "Yule nimekuachia."